Je, Uanachama wa Kambi za Mapumziko Marekani Unalipa? Tuliyoyapitia Kabla ya Kulipa na Baada ya Kulipa

Tangu tuanze kuonekana barabarani tukikokota trela la kulala, haupiti mwezi bila mtu wa jumuiya yetu hapa kusini mwa Seattle kuniuliza kama uanachama wa kambi za mapumziko, yaani kulipa kiingilio na ada ya mwaka badala ya kulipia kila usiku, una faida yoyote. Baadhi yao wamepata barua inayowaalika kutembelea kambi na kuahidiwa zawadi. Wengine wameshaketi mezani na muuzaji, mkataba uko ndani ya bahasha, na wamebakiwa na siku mbili tatu za kubadili mawazo. Jibu langu ni kwamba uanachama huu humfaa mtu mwenye siku nyingi huru, hasa za katikati ya wiki na nje ya majira ya joto, na haumfai mtu ambaye nafasi yake ya kutoka ni wikiendi na likizo za shule peke yake. Nimefika kwenye jibu hilo kwa kulipa, kwa kusoma mikataba ya kwetu na ya ndugu zetu, na kwa kuwaangalia waliofaidika nao kweli, maana wapo.

Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, mume wangu ni dereva wa basi la abiria, na watoto wetu watatu wako shule. Sote wawili tumekulia Tanga, na kupiga kambi si jambo tulilolelewa nalo. Kwetu mtu hulala nje ya nyumba yake kwa sababu ya msiba, harusi au safari. Watoto ndio waliolileta jambo hili kutoka shuleni. Tulianza na hema la kuazima, tukapenda, na baada ya misimu michache ya mvua za jimbo la Washington tukanunua trela dogo lililokwishatumika. Barua za mialiko zilianza kuingia mara tu baada ya kulisajili trela hilo.

Ni vizuri mtu ajue biashara yenyewe ilikotoka, kwa sababu ilianzia jimbo hili hili. Mwaka 1969 Milt Kuolt, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa Boeing, alianzisha kambi karibu na mji mdogo wa Chehalis, kati ya Seattle na Portland, na kuiita Thousand Trails. Ndiye huyo huyo aliyeanzisha shirika la ndege la Horizon Air mwaka 1981. Mpango ni kwamba badala ya kulipia kila usiku, mtu hulipa kiingilio kikubwa mara moja, kisha hulipa ada kila mwaka, na akija kambini halipi tena au hulipa kidogo sana. Kampuni nyingi ziliufuata mpango huo, na nyingine zikaungana katika mitandao ya kupokeleana wanachama, yaani mwanachama wa kampuni moja huweza kulala kwenye kambi za nyingine. Siku hizi Thousand Trails yenyewe iko chini ya kampuni ya Equity LifeStyle Properties, na inauza pia pasi za mwaka mmoja mmoja kwa kanda, zisizo na kile kiingilio cha maelfu ya dola. Tofauti hiyo kati ya pasi ya mwaka na uanachama wa muda mrefu ni kubwa kuliko tofauti ya kampuni moja na nyingine, nami humwomba kila anayeniuliza aniambie kwanza ni ipi kati ya hizo mbili aliyowekewa mezani. Kampuni iliyotualika sisi ni nyingine, na sina haja ya kuitaja.

Jambo la pili la kujua ni kwamba, katika mikataba niliyoisoma, mwanachama hanunui ardhi wala chumba. Ananunua haki ya kutumia, na haki hiyo ina masharti: siku ngapi mfululizo, siku ngapi za kukaa nje kabla ya kurudi, kwa ada gani, na kwa kuweka nafasi mapema kiasi gani. Nimewasikia watu wazima, wenye akili zao timamu, wakisema "tumenunua sehemu kule milimani". Hawakununua sehemu, na ikiwa kampuni itaiuza kambi ile au kuifunga, mkataba wao mara nyingi unairuhusu.

Barua iliyotuita iliahidi kadi ya mafuta kwa wanandoa watakaokubali kutembezwa kambini kwa dakika tisini. Ilichukua nusu ya siku. Watoto walipelekwa chumba cha michezo, sisi tukazungushwa kwa kigari cha gofu tukaonyeshwa bwawa la kuogelea, uwanja wa mpira wa kikapu, na njia inayoshuka hadi mtoni chini ya miti ya misonobari. Kambi ilikuwa nzuri kweli, na ingekuwa dhuluma kusema vinginevyo. Kisha tukaketishwa kwenye meza ya duara. Muuzaji, kijana mpole mwenye sauti ya utulivu, akachukua karatasi nyeupe na kalamu nene, akamwuliza mume wangu tunalala hotelini mara ngapi kwa mwaka na kwa bei gani. Akaziandika hesabu hizo kwa kuzielekeza upande wetu, akazizidisha kwa miaka ishirini, akaongeza asilimia fulani ya kupanda kwa bei, akapiga mstari chini. Jumla ikawa kubwa mno, na dola 9,900 za uanachama zilizoandikwa pembeni yake zikaonekana ndogo. Karatasi ile ilikuwa na kila kitu isipokuwa ada ya mwaka. Mume wangu alipoiulizia, ikaandikwa kwenye kona. Nilipouliza kama inapanda, nikajibiwa kwamba hupanda kidogo. Niliomba nionyeshwe mahali mkataba unapotaja hicho kidogo. Kilichoandikwa ni kwamba kampuni inaweza kupandisha ada kila mwaka, na kikomo chake hakikutajwa popote.

Tulipokaa kimya, akaja meneja. Bei ikashuka hadi dola 6,495, kwa siku hiyo tu, nasi hatukuwa tumetoa hata pendekezo la bei. Kwangu mimi punguzo hilo lilikuwa onyo, kwa sababu lilionyesha kwamba bei ya kwanza haikutokana na gharama ya kitu chochote. Mkopo waliotupangia ulikuwa wa miaka mitano kwa riba ya asilimia 17. Sisi ni Waislamu, na suala la riba lilitufungia mlango huo hata kabla ya hesabu. Lakini hata kwa asiyejali riba kwa misingi ya dini, kukopa kwa asilimia 17 ili kulipia mapumziko ni jambo la kulifikiria ukiwa nyumbani, baada ya kula na kulala. Tukaomba kuuchukua mkataba tukausome usiku huo. Wakakataa, wakisema bei itakufa tukitoka mlangoni. Tukatoka. Mtu yeyote atakayealikwa namna hii namshauri aombe jambo hilo hilo moja, kuondoka na mkataba usiosainiwa, na jibu atakalopewa litamtosha kuamua.

Wiki chache baadaye mdogo wake mume wangu alikwenda kambi ile ile na akasaini. Alisaini Jumamosi, na Jumapili usiku akanipigia simu. "Shemeji, kuna karatasi nimesaini, naomba nije unisomee." Alikuja saa nne usiku akiwa na bahasha nene, na ule mzigo aliokuwa nao usoni sijausahau, kwa sababu alikuwa amelipa kianzio kwa kadi bila kumwambia mkewe. Nilipopekua nikakuta, karibu na mahali pa sahihi, maelezo ya haki ya kuvunja mkataba. Jimbo la Washington lina sheria mahususi ya kambi za uanachama, sura ya 19.105 ya sheria za jimbo, na inampa mnunuzi haki ya kuvunja mkataba kwa kutuma taarifa ya maandishi kwa barua ya rejista yenye stakabadhi ya kupokelewa, kabla ya saa sita ya usiku wa siku ya tatu ya kazi baada ya siku ya kusaini. Hatukutaka kukisia ni siku zipi zinazohesabiwa kuwa za kazi. Jumatatu asubuhi posta ilipofunguliwa, tulikuwa mlangoni.

Barua yenyewe ilikuwa na mistari mitano: jina lake, anwani yake, namba ya mkataba, tarehe ya kusaini, na sentensi moja inayosema kwamba anavunja mkataba na anaomba kurudishiwa fedha zote alizolipa. Hakutoa sababu. Sababu hufungua mlango wa mazungumzo, na mazungumzo hula siku. Nilimzuia pia asitegemee simu, kwa maana muuzaji alikuwa amemwambia kwamba akiwa na wasiwasi wowote ampigie tu wazungumze. Tulitunza kipande cha posta, nakala ya barua, na picha ya bahasha. Kampuni ilimpigia mara kadhaa kumpa bei nafuu zaidi, lakini fedha zilirudi kwenye kadi yake. Majimbo mengine yana siku zao na taratibu zao, na mengine hayana sheria ya aina hii kabisa, kwa hiyo aliyesaini Texas au Ohio asichukue siku tatu za Washington kuwa zake. Atafute ukurasa wa haki ya kuvunja mkataba ndani ya mkataba wake mwenyewe, siku ile ile ya kusaini.

Baada ya yote hayo bado tulivutiwa na kambi, na hapo ndipo mzee wetu mmoja, mtu wa Mombasa aliyestaafu kazi ya kutengeneza ndege, alipotueleza jambo ambalo pale mezani hatukuambiwa: uanachama huo huo huuzwa mkono wa pili kwa sehemu ndogo sana ya bei. Watu huzeeka, hufiwa, huuza magari yao, na wanabaki na ada inayodai kila mwaka. Wengi wako tayari kutoa haki yao karibu na bure ili mtu mwingine abebe ada. Mzee alimjua mama mmoja mjane, jirani yake wa kambini, aliyetaka kujitoa. Tulimpa mama yule dola mia chache, na kampuni ikadai ada ya kuhamisha jina iliyozidi bei tuliyompa yeye. Hata hivyo jumla haikufika theluthi moja ya bei ya meneja.

Ununuzi wa mkono wa pili una mitego yake. Kabla ya kumpa mama fedha yoyote, tuliiandikia kampuni tukauliza mambo matatu: kama mkataba ule unahamishika, kama ada zote zimelipwa, na ni haki zipi zinazopotea unapohama jina. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa zito. Mama alikuwa na haki ya kuweka nafasi siku 120 kabla, na ya kulala kwenye kambi za mtandao wa kampuni nyingine. Kwetu sisi zingekuwa siku 60, na mtandao tungejiunga nao kwa malipo mengine. Mama mwenyewe hakuwa na habari na alisikitika, akatupunguzia bei. Tulikubali tukidhani kwamba siku 60 zinatosha. Fedha zake tulimkabidhi siku kampuni ilipotuma barua ya kututambua, wala si kabla.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa furaha, na nautaja kwa sababu anayeuliza kama kitu kina thamani anastahili kusikia pande zote. Kambi hizi zina lango na mlinzi. Kwa familia ya Kiafrika ambayo mwanzoni ilikuwa inaogopa kulala porini katika nchi ya watu, mama akiwa na hijabu na watoto wakikimbia hadi magharibi, lango lile lilikuwa na uzito wake. Majirani walikuwa wale wale mwezi hadi mwezi, wakatuzoea, na mwanangu wa kati akajifunza kuendesha baiskeli kwenye njia za kambi akisukumwa na babu mmoja wa Kimarekani tusiyemjua hata jina la ukoo. Trela likishaunganishwa umeme, maji na bomba la maji machafu, nilikuwa napika pilau kama niko nyumbani. Kama thamani ingepimwa kwa siku hizo peke yake, ningemwambia kila mtu ajiunge.

Tatizo lilikuwa kalenda. Mimi hupata wikiendi huru mbili kwa mwezi, mume wangu hubadilishiwa zamu, na shule hufungwa katikati ya Juni. Nafasi tulizozihitaji zilikuwa Ijumaa na Jumamosi za Julai na Agosti, wiki ya tarehe 4 Julai, na mapumziko ya Siku ya Wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, yaani siku zile zile zinazohitajiwa na kila mtu mwenye kazi na watoto. Dirisha letu la siku 60 lilipofunguka, wenye dirisha la siku 120 walikuwa wamekwishapita miezi miwili iliyotangulia. Nilikuwa nafika nyumbani kutoka zamu, saa moja na nusu asubuhi, nafungua kompyuta kabla hata ya kuvua viatu, na ramani ya kambi inanitokea ikiwa na viboksi vya kijivu mahali pote, kijani kimoja au viwili kando ya barabara kuu au mahali pasipo na bomba. Ukibonyeza kijani hicho wakati mwingine kimekwisha kuchukuliwa.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa kitu nilichokiona kambini kwenyewe. Ijumaa moja tuliyobahatika kupata nafasi nilitembea na watoto hadi upande wa mto, kwenye zile sehemu tulizoonyeshwa siku ya kigari cha gofu. Safu nzima ilikuwa na matrela yaliyojengewa sitaha za mbao, yenye vyungu vya maua, uzio mdogo wa mbwa, na majani makavu yaliyorundikana kwenye magurudumu. Ndani hapakuwa na mtu. Kampuni ilikuwa imezikodisha sehemu hizo kwa mwaka mzima kwa watu wanaolipa kodi ya peke yake, nazo hazimo tena kwenye hesabu ya wanachama wa kawaida. Hakuna udanganyifu wa kisheria hapo, mkataba unaruhusu. Lakini idadi ya sehemu uliyoambiwa siku ya kununua siyo idadi unayoigombania, na swali la kuuliza kabla ya kusaini ni hili: sehemu ngapi zimekodishwa kwa mwaka, na ngapi zimebaki kwa wanachama kulala usiku mmoja mmoja?

Hesabu zenyewe si ngumu, ila lazima mtu azifanye kwa siku zake halisi na siyo kwa siku anazozitamani. Ada yetu ilianza karibu na dola 700 kwa mwaka. Katika hifadhi za jimbo la Washington tulikuwa tukilipa kati ya dola 30 na 50 kwa usiku, kutegemea msimu na kama kuna umeme na maji. Tukichukua 40 kuwa wastani, ilitubidi tulale kambini usiku 17 au 18 kila mwaka ili ada pekee irudi, bila kuhesabu tulichomlipa mama wala ada ya kuhamisha jina. Angelipa mtu dola 6,495 za meneja na kuzigawa kwa miaka mitano, kabla ya riba, angehitaji karibu usiku 50 kila mwaka ili afike pale pale. Hatukuwahi kuzifikia hizo 17. Juu ya hapo kuna mafuta: gari letu likikokota trela hunywa karibu mara mbili, na kambi za wanachama ziko mahali zilipo, huchagui iliyo karibu nawe. Kila mwaka barua ya ada ilikuja na ongezeko, na mwaka wa tatu ilikuwa imekaribia dola 800.

Tulijaribu mtandao wa kupokeleana wanachama kwa matumaini ya kupanua nafasi. Kulikuwa na ada yake ya mwaka, na kulikuwa na malipo ya kila usiku, madogo lakini yapo. Halafu kulikuwa na sharti ambalo wauzaji hulitaja haraka: huruhusiwi kutumia kambi ya mtandao iliyo ndani ya maili 125 kutoka kambi yako ya nyumbani. Kwa mstaafu anayezunguka bara zima sharti hilo si kitu. Kwa mtu anayetoka kazini Ijumaa saa kumi na kutakiwa kazini Jumatatu, maili 125 zinafuta karibu kila mahali anapoweza kufika.

Yule mzee wetu wa Mombasa bado ana uanachama wake, na ukimwuliza atakuambia ni fedha bora aliyowahi kutumia katika nchi hii. Nami namwamini. Yeye na mkewe huingia kambini Septemba watoto wakirudi shule, wanakaa wiki mbili, wanahamia kambi nyingine, wanarudi. Jumanne ya Oktoba anachagua sehemu anayoitaka, kando ya mto, na tulipomtembelea alikuwa amekaa nje na birika la chai ya tangawizi, pande zote mbili jirani hakuna. Kwa usiku anaolala yeye kwa mwaka, ada inashuka hadi dola chache kwa usiku. Lakini hata yeye, baridi ikizidi, huelekea Arizona, kwenye ardhi ya serikali kuu karibu na Quartzsite, ambako kibali cha msimu mzima alichotuonyesha kilikuwa cha dola 180. Na ana kitu kingine ambacho watu wa umri wake katika jumuiya yetu wengi hawakijui: raia au mkazi wa kudumu mwenye miaka 62 na zaidi anaweza kununua pasi ya wazee ya hifadhi za taifa, dola 80 kwa maisha yake yote, ambayo pamoja na kuingia hifadhini humpunguzia nusu ya bei ya kulala katika kambi nyingi za serikali kuu. Mwenye kadi ya kijani ana haki hiyo sawa na raia. Mzazi wako akitimiza umri huo mnunulie pasi hiyo kabla hujamnunulia uanachama wowote.

Kwa familia kama yetu, njia iliyotufaa ni kujifunza tarehe. Hifadhi za jimbo la Washington zinaruhusu kuweka nafasi hadi miezi tisa kabla, na kambi nyingi za serikali kuu, zikiwemo za Mlima Rainier, hufunguliwa miezi sita kabla kwenye tovuti ya Recreation.gov. Julai yetu sasa tunaipanga Oktoba kwa upande wa jimbo na Januari kwa upande wa serikali kuu. Pasi ya kawaida ya hifadhi za taifa, dola 80 kwa mwaka kwa mkazi wa Marekani, inalipia kuingia kwa gari zima ila hailipii kulala. Wengi huchanganya hayo mawili na wanashangaa wakifika. Na anayetaka kuonja kambi za wanachama aanze na pasi ya mwaka mmoja isiyo na kiingilio, au alale kama mgeni wa kulipa, tena Ijumaa ya Julai na siyo Jumatano ya Aprili ambayo wauzaji hupenda kukualika.

Kutoka kulituchukua muda mrefu kuliko kuingia. Mkataba wetu haukuwa na tarehe ya mwisho. Ulisema unaendelea maadamu ada inalipwa, na kwamba asiyelipa atapelekwa kwa wakusanya madeni. Mtu mmoja kambini alitushauri tuache tu kulipa. Sisi tuna mpango wa kununua nyumba na hatukutaka deni liandikwe kwenye rekodi zetu za mikopo, kwa hiyo tuliandika barua kuuliza kama kampuni ina utaratibu wa kurudisha uanachama. Ulikuwepo, ingawa haukutangazwa popote: ada zote ziwe zimelipwa, pamoja na malipo ya kufunga hesabu, na sisi tusaini hati ya kuachia haki zote. Tulikataa kulipa kiasi hicho hadi tulipotumiwa nakala ya hati inayosema wazi kwamba hatudaiwi chochote tena, sisi wala warithi wetu. Ilibidi tuombe mara tatu ili neno "warithi" liingizwe. Nakala iliyosainiwa na pande zote mbili tumeiweka pamoja na hati za uraia na vyeti vya watoto.

Tangu tuanze kuulizia njia ya kutoka, simu zimekuwa zikiingia kutoka kwa watu wanaosema wana mnunuzi tayari wa uanachama wetu, kwa maelfu ya dola, mradi tutangulize malipo ya kodi au ya uhamisho. Wanajua jina la kambi na jina la mume wangu. Hakuna mnunuzi: uanachama tulioupata kwa mia chache hauwezi kuuzwa kwa maelfu, na dalali wa kweli hukata chake baada ya mauzo. Mama yule mjane alikuwa amewalipa watu wa namna hiyo kabla hatujakutana naye, na fedha zake hazikurudi. Ukipigiwa simu kama hiyo, andika namba na jina walilojitambulisha nalo, usitaje kadi wala akaunti yoyote, kata, kisha peleka malalamiko kwenye ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo lako, ambayo hupokea malalamiko ya watumiaji bila malipo.